Somo la Mwisho la Bwana Hamel, na Jambo Ambalo Hakulikiri

Mwezi uliopita shoga yangu mmoja, mwalimu wa sekondari huko Kanda ya Ziwa, alinipigia simu usiku. Barua ya uhamisho ilikuwa imemfikia mchana wa siku hiyo, bila fununu yoyote. Alipewa wiki mbili awe ameripoti kituo kipya, na ndani ya wiki hizo kulikuwa na kufunga mizigo, kukabidhi ofisi na kumtafutia mwanawe shule. Kidato cha tatu, darasa analolipenda kuliko yote, alikuwa amebakiwa nalo vipindi viwili.

"Wewe si ndiye mtu wa vitabu," akaniambia. "Nitafutie kitu kifupi niwasomee siku ya mwisho. Kitu cha mwalimu anayeaga. Maana mimi nikianza kutoa nasaha nitalia, na nikilia wale watoto watacheka."

Sikufikiri hata dakika moja. Nikamtajia hadithi fupi ya Mfaransa Alphonse Daudet, ile ya somo la mwisho, iliyomo katika mkusanyiko wake wa 1873 uitwao Contes du lundi, yaani Hadithi za Jumatatu. Niliisoma nikiwa chuo kikuu, kwa Kiingereza, na nakumbuka niliimaliza nikiwa na donge kooni. Nikamwahidi kwamba kesho yake nitamtumia.

Kesho yake nikaisoma upya kabla ya kuituma. Donge likaja tena, palepale lilipokuja mwanzo. Ila safari hii halikuja peke yake, likaja na hasira. Sikuituma siku hiyo wala iliyofuata. Haya ninayoandika ni maelezo ya kwa nini.

Kwa ambaye hajaisoma, mambo yenyewe ni haya. Vita vya 1870 na 1871 kati ya Ufaransa na Prussia vimekwisha, na Ufaransa imeshindwa. Kwa mkataba uliotiwa saini Frankfurt mwezi Mei 1871, Alsace na sehemu ya Lorraine zimekuwa za Ujerumani. Asubuhi moja mtoto aitwaye Franz anakwenda shule akiwa amechelewa. Hajajifunza kanuni ya sarufi ambayo mwalimu wake, Bwana Hamel, alisema ataiuliza. Jua linapendeza, ndege wanaimba, nyuma ya kiwanda cha mbao askari wa Prussia wanafanya gwaride. Anawaza kutoroka, lakini hatoroki. Anapita penye ubao wa matangazo, mahali ambapo kwa miaka miwili habari zote mbaya zimekuwa zikibandikwa, anaona watu wamejazana, na yeye anapita tu.

Darasani anakuta kimya kama cha Jumapili. Mwalimu amevaa koti lake la kijani na kofia ya hariri nyeusi iliyodariziwa, nguo ambazo huzivaa siku anapokuja mkaguzi au siku ya kugawa zawadi. Madawati ya nyuma, ambayo siku zote huwa matupu, yamekaliwa na wazee wa kijiji: Mzee Hauser na kitabu chake cha alfabeti kilicholika pembeni, aliyekuwa meya, aliyekuwa tarishi, na wengine. Ndipo Hamel anatangaza. Amri imetoka Berlin kwamba shule za Alsace na Lorraine zifundishe Kijerumani tu. Mwalimu mpya anafika kesho. Leo ndiyo mara ya mwisho kwa Kifaransa.

Amefundisha katika chumba kile miaka arobaini. Kuondoka kwake kumepangwa kwa karatasi na watu wasiomjua.

Hadithi nzima ni kurasa chache, na uzuri wake wa kwanza ni kwamba Daudet amemwachia mtoto aisimulie. Franz hajui siasa. Anajua rula ya chuma ambayo mwalimu huibeba kwapani, anajua vitabu vyake ambavyo jana vilikuwa mzigo na leo vimegeuka marafiki anaoachana nao. Wakati wanaandika, mbawakawa wanaingia darasani kwa dirisha na hakuna anayewatazama. Njiwa wananguruma juu ya paa, naye anajiuliza kama na hao watalazimishwa kuimba kwa Kijerumani. Ghorofani dada yake mwalimu anasikika akitembea huku na huku, anafunga mizigo. Mwalimu amekaa kitini anakodolea macho vitu vya chumba kile kimoja kimoja, kama anayetaka kuondoka navyo machoni. Nje, mmea alioupanda kwa mkono wake umetambaa mpaka juu ya paa.

Shoga yangu akisoma hiyo sehemu ya hatua za ghorofani, nilijiambia, atashindwa kuendelea. Maana na kwake kuna mtu anafunga mizigo.

Sasa tuje kwenye nasaha, kwa sababu ndizo alizoniomba. Sisi Waswahili wasia tunaujua. Mwana Kupona aliandika utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akamwita binti yake asogee na wino na karatasi, akampa maelekezo ya kuishi. Wasia wa namna hiyo una mpangilio: anayeaga anajua, anayebaki anaandika. Anayeaga amesimama juu kidogo, kwa umri na kwa kifo kilicho karibu.

Bwana Hamel naye ana wasia, na ukiuchambua unakuta vitu vinne. Kwanza, msiahirishe. Franz anashindwa kuikariri ile kanuni, anasimama anayumba, na mwalimu hamgombezi. Anamwambia tu kwamba ndivyo inavyokuwa kila siku: tunajiambia muda upo, tutajifunza kesho, na sasa kesho imefika ikiwa na mwalimu mwingine. Pili, kosa si lenu peke yenu. Wazazi waliona heri watoto wakalime au wakafanye kazi viwandani walete senti mbili tatu. Na mimi mwenyewe, anasema Hamel, mara ngapi niliwatuma mkamwagilie bustani yangu badala ya kusoma? Nilipotaka kwenda kuvua samaki, si niliwapa likizo? Tatu, ishikeni lugha yenu, kwa sababu taifa lililotekwa likiishika lugha yake ni kama limeushika ufunguo wa gereza. Nne ni ile ambayo hakuitamka: anaendelea kufundisha. Sarufi, kisha mwandiko, kisha historia, kisha watoto wadogo wanaimba silabi zao, na Mzee Hauser nyuma kabisa anaziimba nao, miwani puani, sauti ikimtetemeka. Mpaka saa ya kanisa inagonga adhuhuri. Mpaka tarumbeta za Waprussia zinalia chini ya dirisha. Hapo anasimama, amepauka, anataka kusema neno na sauti inakataa. Anageuka, anashika chaki, anaiandika salamu yake kwa Ufaransa kwa herufi kubwa kadiri mkono unavyoweza, anaegemeza kichwa ukutani, na kwa ishara ya mkono anawaambia waende.

Nasaha ya pili na ya nne ndizo zinazoifanya hadithi hii iwe juu ya zile hadithi za "mwalimu aliyebadilisha maisha yangu" zinazotumwa kila wiki kwenye makundi ya WhatsApp. Katika zile, mwalimu anaondoka akiwa mtakatifu, anaacha sentensi kumi za kubandika ukutani. Hamel anaondoka akiwa na madeni na anayasema mbele ya wadeni. Hebu fikiria jambo hilo katika shule zetu. Ni wangapi kati yetu tulilima shamba la mwalimu, tukamchotea maji, tukamwoshea vyombo, muda wa kipindi? Mimi niliyafanya yote matatu, na sijawahi kumsikia mwalimu akisema kwamba kile kilikuwa kipindi chetu cha hesabu alichokitumia yeye. Daudet ameelewa kwamba anayeaga ana nafasi moja tu ya kusema ukweli ambao kesho hautamgharimu kazi, na amempa Hamel nafasi hiyo.

Lakini hapo hapo, ndani ya ungamo hilo zuri, kuna kitu kimefichwa. Hicho ndicho kilichonitia hasira.

Kwa nini Franz hajui ile kanuni? Hadithi inajibu: uvivu, wazazi wenye tamaa ya senti, mwalimu mpenda samaki. Kuna mahali Hamel anasema Wajerumani watakuwa na haki ya kuwacheka: mnajiita Wafaransa, na lugha yenu yenyewe hamjui kuisema wala kuiandika! Soma tena. Kijiji kizima, wazee kwa watoto, hakijui kuandika lugha "yake", na kinachosingiziwa ni uvivu. Jibu la wazi lipo, na Daudet amelizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi. Watu wengi wa vijijini Alsace nyumbani walizungumza Kialsace, lahaja ya jamii ya Kijerumani. Kifaransa kilikuwa lugha ya dola na ya shule. Jina Franz lenyewe linasema. Wachter mhunzi, Mzee Hauser: sikiliza majina hayo. Mfalme wa Ufaransa aliitwaa Strasbourg mwaka 1681, na karibu karne mbili baadaye mtoto wa kijijini alikuwa bado anakutana na Kifaransa darasani kama mgeni.

Kwa hiyo Mzee Hauser anayesoma silabi kwa sauti ya kutetemeka hajifunzi tena lugha ya mama yake. Anajifunza, uzeeni, lugha ambayo shule ilishindwa kumpa utotoni. Picha bado inasikitisha, lakini inasikitisha kwa sababu nyingine, na hiyo sababu Daudet hakuiandika.

Msomaji wa Ulaya anaweza kuipita hiyo bila kuiona. Msomaji wa Kitanzania aliyepita shule ya serikali hana udhuru. Tunasoma msingi miaka yote kwa Kiswahili, kisha Januari moja tunaingia kidato cha kwanza na karibu kila kitu kimekuwa Kiingereza: baiolojia, jiografia. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono darasa la saba ananyamaza. Anakariri asichokielewa. Anafeli. Na anapofeli anaambiwa nini? Mvivu. Hasomi. Anapenda simu. Wazazi hawafuatilii. Ni orodha ileile ya Hamel, karibu neno kwa neno, na lile jambo la kwanza kabisa linarukwa.

Nasaha ya tatu, ile ya ufunguo wa gereza, ndiyo iliyoifanya hadithi hii isafiri dunia. Hu Shi aliitafsiri kwa Kichina mwaka 1912. Wanafunzi wa darasa la 12 India wanaisoma kwenye kitabu chao cha Kiingereza. Mtu yeyote ambaye nchi yake iliwahi kutawaliwa anapoisikia sentensi hiyo anaitikia kwa kichwa. Nami niliitikia nikiwa na miaka ishirini na moja. Kumbe Daudet hakuitunga. Kitabuni ameweka tanbihi inayomtaja mwenye wazo, naye ni Frédéric Mistral.

Mistral ni nani? Ni mshairi wa kusini mwa Ufaransa, mmoja wa walioanzisha chama cha Félibrige mwaka 1854 kwa ajili ya kuiinua lugha ya Kiprovansi, na mwaka 1904 akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi zake katika lugha hiyo. Daudet, mzaliwa wa Nîmes, alikuwa rafiki yake. Amemwandikia sura nzima ya mapenzi katika Lettres de mon moulin. Mistral alipoimba kwamba anayeishika lugha yake ameshika ufunguo wa minyororo yake, lugha aliyokuwa akiitetea ilikuwa ile ndogo, ya nyumbani, iliyokuwa ikisukumwa pembeni na Kifaransa cha shuleni. Daudet akauchukua ufunguo huo akamkabidhi mwalimu wa Kifaransa, ili autumie kukisifu Kifaransa, mbele ya watoto wa Kialsace. Tanbihi inaonyesha kwamba alijua wazo lilikotoka. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Nadhani nchi yake ilikuwa imepigwa, alikuwa na uchungu, na uchungu ukamfanya asione lugha ya tatu iliyokaa kimya katika chumba kile.

Wengine waliona kabla yangu. Japani hadithi hii ilikuwa kwenye vitabu vya shule kwa miaka mingi, mpaka mtaalamu wa isimu Tanaka Katsuhiko na wenzake walipoikosoa kwa sababu hii hii, na ikaondolewa.

Na historia ya baadaye inachekesha kwa namna ya kuumiza. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule ule ulioinyang'anya Ujerumani Tanganyika, ndio uliothibitisha kurudi kwa Alsace Ufaransa. Wajerumani waliotoa amri ya Berlin iliyomfukuza Hamel ndio ambao huku kwetu waliendesha utawala wao kwa Kiswahili, wakakifundisha kwa makarani na maakida, kwa kuwa huku kiliwafaa. Mwaka 1940 Wajerumani wakarudi Alsace, wakapiga marufuku Kifaransa. Baada ya 1945 Wafaransa wakarudi, na mabango yakawahimiza watu waone kwamba kusema Kifaransa ndiyo umaridadi. Katika zamu zote hizo kuna mwalimu mmoja anaondoka na mwingine anafika kesho yake, na mtoto yuleyule wa Kialsace amekaa dawatini.

Sasa inabidi niseme habari za mwalimu wangu mimi, maana bila yeye nisingeandika ukurasa wote huu.

Nilikuwa kidato cha tatu, mwaka 2007, shule ya bweni ambayo sitaitaja. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa pia mwalimu wa nidhamu. Kipindini alikuwa mtu mwingine kabisa. Tulikuwa tunasoma riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, naye alikuwa anaisoma kwa sauti, anatembea kati ya madawati, akifika kwa Sekai anashusha sauti mpaka unasikia mabati yakipanuka kwa jua. Nje ya kipindi, yeye ndiye aliyetunza kibao. Ni kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza maneno ya aibu. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa shingoni, mpaka umkamate mwenzako anayeongea Kiswahili umvishe yeye. Atakayekutwa nacho jioni mstarini anachota ndoo ishirini. Tulijifunza kuviziana. Tulijifunza zaidi kukaa kimya.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza mambo ya jinsi hiyo ya Kenya ya ukoloni katika Decolonising the Mind ya 1986. Watoto wa Brittany na wa kusini mwa Ufaransa, huko kwa akina Mistral, nao walivishwa vitu vya namna hiyo mashuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilishangaa kwamba kibao kimesafiri namna hiyo. Yule wa kwetu alikivisha mchana, na asubuhi yake alikuwa ametusomea Kiswahili kizuri kuliko chochote nilichokisikia mpaka leo.

Jumanne moja aliingia darasani bila fimbo. Akasema amehamishwa, anaondoka na gari la alasiri. Akageukia ubao akaandika nasaha kumi, kwa namba, tukanakili. Daftari limepotea zamani. Kati ya kumi nakumbuka tatu. Ya kwanza: acheni uvivu. Nyingine: someni Kiingereza, ndiyo maisha. Nyingine: ukiazima kitu cha mtu, kirudishe. Kisha akatazama saa, akaona zimebaki dakika kama ishirini, akafungua Takadini pale tulipoishia. Sekai alikuwa njiani, amekimbia na mwanawe, hajui wataishi wapi. Akasoma mpaka kengele. Akafunga kitabu, akatia vipande vya chaki mfukoni mwa shati, sijui kwa nini, akatoka. Mwalimu mwingine wa Kiswahili tulimpata muhula uliofuata, na yeye akaanzia kitabu kingine.

Nilipomaliza kumsoma Hamel safari hii, niliwauliza wenzangu wa shule namba ya mwalimu. Ilipatikana ndani ya saa moja. Miaka yote hii ningeweza kuipata ndani ya saa moja, na kazi yangu ni kutafuta namba za watu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Naongea na nani?"

Nikajitaja, mwaka na mkondo. Akanyamaza kidogo. "Yule wa dirishani," akasema. Kweli nilikaa dirishani.

Amestaafu, analima. Nikamuuliza kuhusu zile nasaha kumi. Hakukumbuka hata kwamba aliziandika. "Nasaha? Mimi? Mwanangu, siku ile nilikuwa nimechanganyikiwa. Mke wangu alikuwa mjamzito, nyumba huko niendako sikuwa nayo." Kisha akasema, bila mimi kuuliza: "Ila kuna kitu kilinikaa. Sikuwamalizia Takadini. Nani aliwamalizia?"

Nikamwambia hakuna. Kila mtu alimaliza kivyake, wengine kwa vile vijitabu vya maswali na majibu.

"Ah," akasema. Tukaongea kuhusu mvua.

Kuhusu kibao sikumuuliza. Nilikuwa nimelipanga swali, nimeliandika kabisa kwenye karatasi kama ninavyofanya ninapomhoji waziri. Nilitaka aungame kama Hamel, na nilitaka aungame kile ambacho Hamel hakukiungama. Lakini sauti ilikuwa ya mtu mzima anayefurahi kwamba mwanafunzi amempigia, nami nikasema, sawa Mwalimu, nitakupigia tena.

Basi hukumu yangu juu ya hadithi ya Daudet ni hii. Wasia wake juu ya lugha si wa kuaminika, kwa sababu anayeutoa hakuwauliza watoto wanaongea nini kwao. Ungamo lake ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo nzito. Ila mwalimu mwenyewe, kama mtu, ameandikwa kwa ukweli ambao sijaukuta kwingi. Daudet alijua kwamba anayeondoka ghafla hana hekima ya ziada. Ana saa chache na silabasi. Kinachokaa kwa mwanafunzi ni namna alivyozitumia zile saa. Nimesahau nasaha saba za mwalimu wangu, na zile tatu ninazozikumbuka moja naipinga kwa nguvu zote, lakini sauti yake ikimsoma Sekai ninayo mpaka leo. Franz naye hatuambii kwamba nasaha zilimbadilisha. Anatuambia kwamba siku ile sarufi ilikuwa rahisi ajabu, na kwamba mwalimu wake hakuwahi kuonekana mkubwa kiasi kile.

Kosa la hadithi na uzuri wake vimekaa mahali pamoja, na nimeamua kwamba ndiyo sababu ya kuisoma, tena na watoto. Mtu mzima anaweza kulia na Hamel asione lugha ya tatu. Mtoto wa kidato cha tatu yuko ndani ya tatizo, hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo mwisho niliituma. Nilikaa siku mbili naifanyia tafsiri yangu ya Kiswahili, si ya kuchapisha, ya kusomwa tu, na chini yake nikamwandikia shoga yangu sentensi moja: ukimaliza, usitoe nasaha, waulize nyumbani kwa akina Franz walikuwa wanaongea lugha gani.

Alinipigia akiwa stendi, nyuma yake makondakta wanaita abiria. Alilia kwenye hatua za ghorofani kama nilivyojua, na hawakucheka. Kisha akauliza swali. Mmoja akasema Kifaransa. Mwingine akasema Kijerumani. Wakabishana, wakasahau hata kwamba walitakiwa kubishana kwa Kiingereza, naye hakuwakumbusha. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kunyoosha mkono, akasema: "Kikwao, Madam."

Akamwambia aeleze. Akaanza kueleza, na kengele ikalia.

Namba ya mwalimu wangu ninayo kwenye simu. Karatasi ya swali iko kwenye droo ya meza ninayoandikia hapa. Wiki ya tatu sasa, kila jioni nasema nitampigia kesho.